Sikio moja limepungua, mgonjwa anasikia sauti ila maneno hayaelewi: nianzie wapi?

Tabibu_wa_Kata

Habari za leo wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa masikio. Kituoni hatuna odiometa (mashine ya kupima usikivu) wala daktari wa ENT (masikio, pua na koo). Tuna otoskopu (kifaa cha kuangalia ndani ya sikio), uma wa sauti (chuma cha meno mawili kinacholia kikigongwa) wa 512 Hz ambao umekaa droo kwa muda mrefu, na dawa za kawaida.

Wanakuja watu wazima wenye tatizo la sikio moja tu. Hawana maumivu, hawatoki usaha. Hawasemi "sisikii", wanasema "nawasikia mnaongea ila siwaelewi", na wanataabika zaidi sokoni, kwenye vikao na msibani, pale watu wanapoongea kwa pamoja.

Nauliza mambo matatu. Bila odiometa natofautishaje nta, au maji nyuma ya kiwambo cha sikio, na tatizo la neva? Nani wa kupelekwa rufaa leo leo, na nani anaweza kusubiri kliniki ya mwezi ujao? La tatu, mmoja wao alishapimwa akarudi na karatasi: sikio la kulia wastani desibeli 10, kushoto 45 (namba kubwa ndiyo mbaya), jaribio la maneno kulia 96%, kushoto 28%. Ameambiwa akanunue shime sikio (kifaa cha kukuza sauti). Binafsi naona hizo namba hazielewani.

---

Nesi_ENT

Mkuu, kabla hujashika kifaa muulize: lini, na ilianzaje? Aliyeamka asubuhi akakuta sikio limeziba, au lililopungua ndani ya saa 72, huyo mchukulie kama dharura. Masikio mengi yanapotea kwa sababu mtu alipewa matone na dawa ya mafua, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Hizo wiki mbili ndizo dawa ingemsaidia.

Sasa toa huo uma droo. Ugonge kwenye goti au kiwiko chako, usiugonge mezani, maana unatoa milio mingine inayochanganya. Weka kitako chake katikati ya paji la uso, ukandamize kidogo. Uliza "unaisikia wapi?" Usiulize "sikio gani?", kwa sababu wengi watataja sikio zima (lile lisilo bovu) wakidhani ndilo jibu sahihi. Sauti ikienda kwenye sikio bovu, kizuizi kiko nje au katikati: nta, maji, kiwambo kilichotoboka. Ikienda kwenye sikio zima, shaka iko kwenye koklea (kiungo cha kusikia cha sikio la ndani) au neva.

Hatua ya pili, weka kitako kwenye mfupa wa nyuma ya sikio bovu, kisha hamishia meno ya uma mbele ya tundu la sikio, umbali wa sentimita 2 hadi 3. Kwa kawaida mbele husikika zaidi. Nyuma ikisikika zaidi, ni kizuizi. Lakini hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu: sikio lililokufa kabisa linaweza kukupa jibu hilohilo. Mtetemo wa mfupa unavuka kichwa hadi sikio zima, mgonjwa anasema "nasikia nyuma", wewe unaandika nta. Njia ya kuukwepa ni kusoma majibu mawili pamoja. Kama kwenye paji la uso sauti ilikwenda sikio ZIMA, na nyuma ya sikio bovu anasema anasikia zaidi, hiyo si nta. Sikio limekufa au linakaribia.

Uma ukipotea, mwambie afumbe mdomo aseme "mmmm" kwa sauti nzito, akueleze inajaa upande gani. Tafsiri yake ni ileile ya paji la uso. Hata kwa simu unaweza kumfanyisha.

Kisha jaribio la mnong'ono. Simama nyuma yake umbali wa mkono, takriban sentimita 60, asione midomo yako. Sikio lisilopimwa lizibe kwa kidole kwenye kile kinyama cha mbele ya tundu, ukikisugua kwa kuzungusha. Usipofanya hivyo utakuwa unapima sikio zima. Toa pumzi yote, ndipo unong'one vitu vitatu mchanganyiko wa tarakimu na herufi, mfano "nne, K, mbili". Akikosea, mpe vitatu vingine. Akipata angalau 3 kati ya 6, amefaulu. Anza na sikio zuri ili aelewe mchezo.

---

Dkt_Masikio

Nesi kamaliza upimaji, niongeze dawa na rufaa.

Kushuka ghafla kwa neva ya sikio moja, mara nyingi chanzo hakipatikani. Tiba tuliyo nayo ni steroidi. Prednisolone miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi 60, dozi moja asubuhi baada ya chakula, siku 7 hadi 14, kisha inashushwa taratibu. Kwa vidonge vya miligramu 5, mtu wa kilo 60 anameza 12 kwa mkupuo. Najua vinatisha ukivihesabu mkononi, na ndiyo maana wengi wanaandika vidonge vitatu kwa siku tano. Dozi hiyo ni ndogo mno kwa kazi hii. Faida ni kubwa ndani ya wiki mbili za kwanza. Kati ya wiki ya pili na ya sita bado tunaweza kuchoma steroidi kupitia kiwambo cha sikio, hospitalini, kwa waliokosa nafuu. Mweleze mgonjwa ukweli: wapo wanaopata nafuu bila dawa, na wapo wasiopata hata kwa dawa.

Kabla ya kidonge cha kwanza pima sukari, presha, VVU na kaswende. Kaswende inaweza kuleta tatizo hilihili na inatibika. Uliza vidonda vya tumbo na dalili za kifua kikuu. Na kwa watu wa maeneo yenye minyoo, hasa wanaotembea peku, kumbuka mnyoo aitwaye strongyloides: steroidi nyingi zinaweza kuilipua mwili mzima, kwa hiyo mpe ivermectin mapema ukiwa nayo. Safari ya kwenda kwa ENT ikiwa ya siku moja, mpeleke tu. Ikiwa ya wiki, mpigie daktari simu, mkubaliane, aanze akiwa kwako.

Wa kuondoka siku hiyohiyo bila mjadala: sikio limekufa ghafla pamoja na uso kupinda, kuona vitu viwili, ulimi mzito, au kizunguzungu cha kushindwa kusimama. Hiyo inaweza kuwa kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Usianze kuhangaika na sikio.

Na yule wa maji nyuma ya kiwambo, sikio moja, mtu mzima, wiki zinapita hayakauki: shika shingo utafute tezi, muulize damu puani. Lazima aangaliwe nyuma ya pua, kwa sababu uvimbe wa huko huziba mrija wa sikio. Usimpe kozi ya tatu ya amoksilini.

---

Fundi_Nta

Nyongeza fupi kuhusu nta, kwa vile ndiyo inayowapotosha wengi. Lainisha kwanza kwa matone ya sodiamu baikaboneti 5% au mafuta ya zeituni siku 3 hadi 5. Maji ya kusafishia yawe na joto la mwili, nyuzi 37. Ya baridi yatamwangusha kwa kizunguzungu. Elekeza ncha juu na nyuma ya mfereji, kamwe usielekeze moja kwa moja kwenye kiwambo. Akisema "aah", acha. Usisafishe kwa maji kama kiwambo kimewahi kutoboka au kufanyiwa upasuaji, na KAMWE usiguse nta ya sikio lililobaki peke yake. Hilo apelekwe kwa mwenye mashine ya kufyonza.

Vilevile matone ya gentamicin yasiingie kwenye sikio lenye tundu, ni sumu kwa koklea. Tumia ciprofloxacin.

---

Odio_Kaskazini

Nije kwenye karatasi ya yule mgonjwa, maana hapo ndipo penye kazi. Tabibu, uko sahihi, namba hazielewani.

Odiogramu (zile desibeli) inapima filimbi. Inakuambia mlio mdogo kabisa anaoufikia, haikuambii kama koklea na neva zinaupeleka ubongoni ukiwa msafi. Sikio lenye wastani wa desibeli 45 kwa ugonjwa wa koklea wa kawaida, ukilipandishia sauti vya kutosha, ungetarajia maneno 70% na kuendelea. Yeye kapata 28%. Neva ikiwa na tatizo, maneno huanguka kabla ya filimbi.

Kabla ya kumtisha, hakikisha jaribio lilifanywa vizuri. Maneno yalitolewa kwa sauti gani? Yanatakiwa kuwa desibeli 30 hadi 40 juu ya kiwango anachoanza kutambua maneno, kwake yeye karibu 80. Wakimpa kwa 55, atakosa kwa sababu hayajamfikia tu. Je, sikio la kulia lilizibwa kwa kelele? Kwa hedifoni za kawaida sauti huanza kuvuka kichwa ikizidi lile sikio jingine kwa takriban desibeli 40. Ukimpa 80 kushoto, 40 inafika kulia, na kulia kwake ni 10. Asingezibwa, sikio zuri lingemjibia na alama zingekuwa juu. Kwa hiyo kukosa kuziba hakuelezi hii 28%, kungeipandisha.

La tatu ni lugha na idadi. Orodha za maneno ya Kiingereza kwa mtu anayeishi kwa Kiswahili zinapima Kiingereza chake. Kwa Kiswahili chukua maneno mafupi ya silabi mbili anayoyajua, 25 kwa kila sikio, orodha tofauti kila upande, yaliyorekodiwa. Kila neno ni 4%. Kwa maneno 25, usiite tofauti ya 76 na 88 ugonjwa, hiyo ni bahati tu. Lakini 96 na 28 haiwezi kuwa bahati.

Mwambie mpimaji arudie kushoto kwa sauti ya juu zaidi, mfano 90 kama anaivumilia. Koklea iliyochoka itabaki palepale au kuongezeka kidogo. Alama zikishuka kadiri sauti inavyopanda, shaka ya neva inazidi.

Baada ya hapo ni MRI (picha ya sumaku) ya mfereji wa neva ya kusikia, yenye dawa ya kung'arisha picha, gadolinium. CT (picha ya eksirei) inaona uvimbe mkubwa, mdogo unaikwepa. Kinachotafutwa hasa ni uvimbe wa ala ya neva ya nane, hiyo ya kusikia. Si saratani, mara nyingi hukua polepole sana, na wengi hufuatiliwa tu kwa picha. Waliopimwa wengi hawakutwi nao. Shime sikio kabla ya picha naona ni kurukia mbele.

Kwa nini anashindwa sokoni lakini chumbani yuko sawa? Irabu zina nguvu na ziko chini, 300 hadi 1000 Hz. Hizo hupinda na kuzunguka kichwa hadi sikio zima. Konsonanti kama s, sh, f, t, k ziko juu, 2000 Hz na zaidi, ni dhaifu, na kichwa kinazizuia kwa desibeli 15 hadi 20 zikitokea upande mbovu. Anabakiwa na irabu tu, i-a. "Fika", "shika" na "pika" zinakuwa neno moja, anakisia kwa maana ya sentensi. Ubaya wa Kiswahili ni kwamba kukanusha kumewekwa mwanzoni, kwenye silabi isiyo na mkazo: "atakuja" na "hatakuja" zinatofautiana kwa pumzi tu. Akikosa hiyo h, ameondoka na habari iliyogeuzwa, na hana dalili ya kumwonyesha kwamba amekosea.

---

Tabibu_wa_Kata

Asanteni sana wakuu. Nitampeleka kwa MRI na hayo maswali ya upimaji nayaandika kwenye barua ya rufaa. Tuseme picha imetoka safi. Je, shime sikio bado ni bure kwake? Na kuna kile kifaa cha sehemu mbili, kimoja kila sikio, kinauzwa kwa maneno matamu sana.

---

Msambazaji_Visaidizi

Navihudumia hivyo, nitakwambia upande wa pili wa maneno matamu.

Shime sikio la kawaida kwa sikio la 28% linaongeza ukubwa, haliongezi usafi. Wengine hulalamika kwamba linaharibu hata kile kinachosikika vizuri kulia. Lenye alama ya maneno 70 ningemvalisha bila kusita. Chini ya 50 namwambia ajaribu kwanza, asilipe.

Kifaa cha sehemu mbili kinaitwa CROS. Upande mbovu unavaa maikrofoni na kirusha sauti, upande mzima unavaa kipokezi. Kinachotokea ni kwamba mtu akikusemesha kushoto unamsikia kulia. Hakirudishi sikio. Hakikuonyeshi sauti inatoka wapi, kwa sababu bado unasikia kwa sikio moja. Na kuna hali ambapo kinakudhuru: mzungumzaji yuko kulia, jenereta iko kushoto, CROS inabeba jenereta inaileta kwenye sikio lako zuri. Hapo uzime ule upande, kwa hiyo nunua chenye kitufe au programu ya kuzimia, na ufundishwe lini. Kipira cha sikio zuri kiwe cha wazi, chenye matundu. Kikiziba, unakuwa umemharibia sikio pekee alilonalo. Sikio zuri likiwa nalo limepungua, inatakiwa aina inayokuza pia, BiCROS.

Ajaribu wiki mbili hadi nne mahali anapotaabika kweli, siyo ofisini kwangu penye kapeti.

Vipo vya kutetemesha mfupa, ambavyo kazi yake kwa sikio lililokufa ni hiyohiyo ya kuvusha sauti. Kifaa pekee kinacholiamsha sikio lenyewe ni koklea ya kupandikizwa, na kinahitaji neva nzima. Marekani iliruhusu matumizi hayo kwa sikio moja mwaka 2019. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017, ila foleni ya watoto wasiosikia masikio yote ina haki ya kutangulia.

Betri za zinki: bandua stika, subiri dakika moja au mbili hewa iingie, ndipo ufunge mlango. Kurudisha stika hakuisimamishi. CROS inatuma sauti muda wote, kwa hiyo inakula betri kuliko shime sikio la kawaida. Kwa walio Tanga, Dar, Mombasa, Unguja, jasho na unyevu ndivyo vinavyoua vifaa: usiku toa betri, acha mlango wazi, weka kifaa ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika. Betri isiingie humo, itakauka.

---

Mwl_Elimu_Maalumu

Kabla ya kifaa chochote kuna vitu visivyouzwa. Umbali: ukisogea kutoka mita 2 hadi mita 1, sauti ya msemaji inapanda kama desibeli 6 bila senti. Kiti: sikio bovu lielekee ukutani, zima lielekee watu, na mgongo usielekee spika. Kwenye msiba au harusi achague mwisho wa safu, siyo katikati.

Barabarani asitegemee honi. Kwa sikio moja hajui bodaboda inatoka upande gani, ageuze shingo pande zote. Kwenye gari zetu za usukani wa kulia, dereva mwenye sikio bovu la kushoto hatasikia abiria wake wa mbele, dereva mwenye sikio bovu la kulia hana shida hiyo.

Simu: kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. Bila hiyo, akivaa spika ya sikio moja ananyimwa nusu ya stereo, na mtu mmoja kwenye video anaweza kutoweka kabisa.

Familia waambiwe wamwite jina kwanza, wasubiri ageuke, ndipo waseme. Asipoelewa wasirudie neno lilelile kwa kupaza. Kupaza kunakuza irabu, ambazo alishazisikia. Wabadilishe sentensi. Na namba ziandikwe. "Sita" na "tisa" zina sauti zilezile kwa mpangilio tofauti, na zinatofautisha saa ya basi, bei, na hela ya kutuma kwa simu. Mfanyabiashara wa sokoni arudie yeye mwenyewe kwa vidole au kwa kikokotoo: "elfu tisa, sivyo?"

---

Tabibu_wa_Kata

Hilo la sita na tisa nalibandika ukutani. La mwisho: mtoto wa miaka saba, sikio moja halisikii kitu tangu augue matubwitubwi, jingine zima. Mama anaulizia matone.

---

Odio_Kaskazini

Hakuna matone ya hiyo. Matubwitubwi huua koklea, mara nyingi upande mmoja. Kazi yako ni kulinda lililobaki: lipimwe kila miezi sita kwa sasa, likiuma au kutoka usaha aje siku hiyohiyo, hakuna vijiti vya pamba, hakuna sindano za gentamicin wala streptomycin kama kuna dawa mbadala, na liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi yake kwa herufi kubwa. Darasani akae safu ya mbele, pembeni, sikio zima likielekea ubao na wenzake. Kama ni la kushoto lililokufa, basi akae kushoto kabisa mwa darasa akiangalia mbele. Walimu wengi humweka katikati mbele, na hapo upande mzima wa wenzake anaukosa.